Stovu Niliyoitoa Mapokezi

Muda mfupi kabla sijastaafu tulipelekwa semina Nakuru mjini, sisi wasimamizi wa sosaiti za ushirika wa maziwa za huku bondeni. Mkufunzi alikuwa kijana wa Nairobi, suti ya kubana, viatu bila soksi. Akawasha mashine yake na ukutani pakatokea maneno manne makubwa: Busara, Haki, Ujasiri, Kiasi. Akatuambia hayo ndiyo maadili ya Wagiriki wa kale, na kwamba kiongozi wa leo akiyashika yote manne, wafanyakazi watampenda na mamlaka hayatamharibu. Wenzangu wakainama kuandika. Mimi nikaangua kicheko, mpaka Joyce, aliyekuwa msaidizi wangu, akanifinya paja chini ya meza.

"Madam, shida ni nini?" mkufunzi akauliza.

Shida ni kwamba maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, nimevaa gambuti, mikono inanuka maziwa, kutoka kwa mzee ambaye hakuwahi kulala hoteli. Na shida nyingine ni kwamba mwaka huohuo wa semina nilikuwa nimeyavunja mbele ya watu, tena kwa jina la haki yenyewe. Joyce ndiye mkuu wa mapokezi sasa, na ameniomba niwaandikie nyinyi vijana mlioanza kuvaa koti jeupe juzi. Basi someni. Habari za vyeo na mishahara mtaziuliza ofisini.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Bondeni, hapo Nakuru. Baba yangu, mzee Wafula, alikuwa fundi wa reli, na alitaka niwe karani kwa sababu makarani hukaa kwenye viti. Mimi nikaenda kusomea maziwa Naivasha, kazi ya kusimama. Siku yangu ya kwanza katika sosaiti yetu kule Ndabibi nilifika alfajiri, nimechana nywele, nimejipaka mafuta ya kunukia kama ninaenda harusini. Mkuu wa mapokezi, Mzee Gitau, alinisikia nikiwa bado hatua kumi.

"Wewe msichana, nani amekufa?"

"Hakuna, mzee."

"Mbona unanuka maua ya matanga? Nenda ukaoge. Sabuni ya mche, na usirudi na kitunguu mdomoni."

Nililia chooni, nikaoga, nikarudi. Akanipanga kwenye foleni ya mikebe na kunionyesha kazi ya kwanza ya mpimaji: unafungua kifuniko, unakiinua haraka, unanusa chini yake kabla hewa haijatoroka. Sekunde mbili tu. Sufuria chafu ina harufu yake, ng'ombe aliyekula vitunguu vya shamba ana harufu yake, maziwa ya jana yaliyochanganywa na ya leo yana harufu ya mtu anayedanganya. Hayo ni maneno ya Gitau. Kwa mwezi mzima hakuniruhusu kushika kifaa kingine isipokuwa pua yangu.

Huyo Gitau alikuwa karibu awe padri. Alikaa seminari miaka, kisha akatoka kwa ajili ya msichana wa Gilgil, ambaye alimngoja mpaka akatoka, halafu akaolewa na mtu mwingine. Kutoka seminari alibaki na rozari moja na daftari moja la mwandiko mdogo mdogo kuhusu Wagiriki. Alilisoma wakati wa chai, miguu juu ya mkebe, na sisi tukasikiliza tutake tusitake. "Wagiriki wetu," alisema, kama vile ni wajomba zake wanaoishi Njoro.

Somo lake kubwa lilikuwa kukaa katikati. Nilimwona akilifanya siku tajiri mmoja alipoleta maziwa yaliyotiwa maji. Laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, ilizama mpaka shingoni. Mimi nilikuwa tayari kupiga kelele. Gitau akamwambia tu, "Hapana, Bwana Mkubwa. Ya leo hapana. Kesho karibu." Yule bwana akafunga mkebe wake, akaondoka. Kisha Gitau akanigeukia.

"Mwoga angeyapokea kwa sababu ni ya tajiri. Wewe ungeyamwaga kwa matusi ili watu wakuone. Zote mbili ni ugonjwa mmoja, msichana. Kataa kwa sauti ya kawaida."

Sasa niwaambie habari ya spiriti, maana ndiyo kiini cha haya yote. Mnajua kipimo: maziwa kiasi, spiriti kiasi sawa, unatikisa. Yakibaki laini, pokea. Yakifanya punje punje, yameanza kuchacha, kataa. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni na ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini Gitau alikuwa na stovu ndogo ya mafuta ya taa, ameiweka nje ya mlango wa nyuma ili moshi usiguse maziwa, pamoja na sufuria na bakuli la bati jeupe. Spiriti ikigandisha maziwa ya mtu, alisema, "Chemsha kwanza." Tunachemsha kidogo, tunayamimina polepole ukingoni mwa bakuli. Kama yamechacha kweli, moto utayakatakata mbele ya macho yako. Yakichemka yakabaki laini, basi si mabovu. Ng'ombe ana njaa ya madini, au amekaribia kukauka, na maziwa yake yameshindwa na spiriti tu. Hayo tuliyatenga mkebe wa pembeni, yakaenda kutengenezwa mala, maziwa ya mgando, na mkulima akaambiwa aongeze chumvi ya ng'ombe.

Ilikuwa inachukua muda. Foleni ilinung'unika. Gitau hakuwahi kuharakisha stovu ile hata siku moja.

Alipostaafu aliniachia daftari na stovu. Akafa miaka michache baadaye, akazikwa Gilgil, alikonunua kaploti kadogo. Fikirieni wenyewe ni kwa nini Gilgil.

Mimi nikawa mkuu wa mapokezi, na hapa ndipo mnapaswa kusoma kwa makini, kwa sababu nilikuwa mzuri sana. Foleni yangu ilikwenda mbio. Sakafu yangu ungeweza kula chakula juu yake. Nilinunua bunduki mpya ya spiriti, ile unayochovya na kugeuza, jibu linatoka hapo hapo. Stovu nikaitupa stoo nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe, kwa sababu mafuta ya taa hayastahili kuwa karibu na maziwa, sababu ambayo hata mkaguzi aliisifu. Kisha nikaleta mambo mawili ya kwangu. La kwanza, maziwa yaliyokataliwa tuyatie matone ya rangi nyekundu, ili mtu asiyapeleke kuuza kwingine. La pili, ukikataliwa mara tatu katika msimu mmoja, umetoka katika sosaiti, na mkutano mkuu unathibitisha. Mwenyekiti wetu, ambaye wote tulimwita Chairman tu, alipenda sheria hiyo kuliko mimi. Alizunguka nayo kwenye kampeni: amesafisha sosaiti, ameondoa wazembe. Watoto wa njiani nao waliyapa maziwa yale jina, strobere, kama yale ya rangi ya dukani. Ukiona mtu anashuka na mkebe na watoto wanamwimbia strobere, ujue amepita kwangu.

Mtu wa kwanza kutoka kwa sheria yangu alikuwa Mzee Wekesa. Alikuwa amefanya kazi reli pamoja na baba yangu. Pale Bondeni alinibeba mabegani nikiwa na meno ya utoto. Alipostaafu akanunua ekari mbili Ndabibi na ng'ombe wawili aliowaita majina ya stesheni. Spiriti ilipogandisha maziwa yake mara ya tatu, foleni nzima ilinitazama nitafanya nini. Nikatia rangi. Nikasema kwa sauti, "Hapa hakuna cha baba wala mjomba." Yeye akafunga kifuniko, akasema, "Sawa, binti ya Wafula," akaenda zake. Siku hiyo nilijiona Mgiriki kamili. Nililala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Kisha kikaja kiangazi. Majani ya Ndabibi yakawa majivu. Watu wakalisha ng'ombe mabua, mashina ya migomba, chochote kilichokuwa na rangi ya kijani. Na kila asubuhi bunduki yangu ikaonyesha punje. Mimi nikasema watu wamekuwa wachafu, wamekuwa wavivu, wanachanganya ya jana. Ng'ombe walikuwa wanalia njaa kando ya barabara niliyopita kila siku, na mimi niliona uzembe tu. Katika msimu huo mmoja nilifikisha watu sita mwisho wa sheria, na mkutano ukapitisha watolewe wote, pamoja na Mzee Wekesa wa mwanzo, saba.

Wa nane angekuwa Mama Cherono. Huyu alikuwa mama wa juu kule mlimani, ana ng'ombe watatu na mmoja tu ndiye aliyekuwa anatoa maziwa. Kwake hakufiki mnunuzi mwingine yeyote. Gari letu lenyewe lilikuwa linaishia chini na yeye anashuka na mkebe mgongoni. Ukimtoa sosaiti umemtoa kwenye maziwa kabisa. Alikuwa tayari amekataliwa mara mbili. Asubuhi ile nikachovya bunduki, nikageuza. Punje.

"Madam, hii maziwa nimekamua saa kumi na moja," akasema. "Iguse. Bado iko na moto ya ng'ombe."

"Mama, spiriti haina macho. Haijui umekamua saa ngapi."

Nilifurahia jibu hilo. Nyuma yake kuna mtu alicheka. Mama Cherono akamimina maziwa kwenye kifuniko, akayanywa yote mbele ya foleni, akajipangusa mdomo na mkono.

"Kama ni mbaya, niharishe hapa hapa mbele yako."

Nikachukua chupa ya sampuli, nikajaza, nikaandika jina lake, kama kawaida. Kisha nikanyoosha mkono kwenye chupa ya rangi. Akafunika mdomo wa mkebe na viganja vyote viwili.

"Usitie rangi. Gitau angechemsha."

Jamani. Wengi kwenye foleni hiyo hawakumjua hata Gitau. Damu ilinipanda usoni. Ningeweza kusimama hapo. Sekunde mbili zingetosha, zilezile za kunusa kifuniko. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa mkuu. Nikatia rangi. Matone mengine yakaanguka juu ya vidole vyake, na akaondoka navyo hivyo, vyekundu.

Saa sita mapokezi yalipofungwa nilienda stoo peke yangu. Niliitoa stovu nyuma ya magunia, utambi umekauka, panya wamelala ndani ya sufuria. Niliisafisha kwa hasira, ninajiambia nitaona punje na nitapumzika. Nikachukua ile sampuli kwenye friji, nikachemsha, nikamimina ukingoni mwa bakuli jeupe. Laini kama sufi. Nikarudia na iliyobaki. Laini. Nikaketi juu ya gunia, maana sikuwa ninamfikiria Mama Cherono peke yake. Nilikuwa ninawahesabu wale saba.

Nikaenda kwa Chairman siku hiyo hiyo. Alikuwa ofisini anakula maembe kwa kisu kidogo. Nikamweleza yote, stovu, kiangazi, punje. Alisikiliza vizuri, akafuta kisu.

"Madam, kuna mtu mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi wewe na mimi tuko sawa. Sikia. Mkutano ni Ijumaa. Tunapitisha huyo mama atoke, tunafunga mambo ya msimu. Msimu ujao tunarudisha hiyo jiko yako polepole, kama maboresho. Hakuna mtu anaumia."

"Ameumia yeye."

"Mmoja. Lakini ukisimama useme kipimo kilikuwa kibaya, kesho kila mtu aliyetoka anarudi na wakili. Watauliza nani alileta sheria. Ni wewe. Nani alitoa stovu. Ni wewe." Akasukuma sahani upande wangu. "Unaenda nyumbani mwaka huu. Tunapanga kukufanyia sherehe, keki, cheti cha ukuta. Kula embe."

Niwaambie ukweli, nilikula kipande. Na nikafikiria. Usiku niliamka, nikafikiria tena. Alichokuwa ananipa si pesa. Alikuwa ananiachia jina langu. Miaka yangu yote kwenye sakafu ile ya mapokezi ilikuwa ndani ya jina hilo, mama asiyependelea, madam asiyekosea. Kijana wa suti ya kubana alisema ujasiri ni kukabili hofu. Hakusema hofu yenyewe inaweza kuja na embe lililokatwa vizuri.

Alhamisi nilipanda mlima mpaka kwa Mama Cherono. Alikuwa anakatia ng'ombe mabua. Hakunikaribisha kuketi.

"Umekuja kunipaka rangi hadi nyumbani?"

"Kesho leta maziwa ya asubuhi kwenye mkutano. Nitayachemsha mbele ya watu."

"Na ikiganda?"

"Yakiganda umetoka."

"Na isipoganda?"

Akarudi kwenye mabua yake. Sikujua kama atakuja.

Alikuja. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa ameketi safu ya mbele uani pa sosaiti, mkebe kati ya miguu yake, umefungwa gunia lililoloweshwa. Nikaweka stovu na bakuli juu ya meza ya kando. Chairman aliviona tu, akaelewa. Mtu huyo si mjinga hata kidogo. Akainua karatasi ya ajenda, akasoma: jambo la Mama Cherono litakuwa la mwisho.

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho, maana mnajua hesabu. Maziwa ya saa kumi na moja bila barafu, jua la kiangazi, ua wa mabati. Saa tano yangekuwa bado salama. Saa saba yangekuwa yanageuka. Yakigeuka, yataganda juu ya moto kweli, mbele ya watu mia na kitu, na nitakuwa nimemmaliza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Chairman naye alijua hesabu hiyo hiyo. Akaomba sala ndefu. Akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita neno kwa neno. Akamwita daktari wa mifugo atueleze kupe, na daktari akatueleza kila kupe. Mama Cherono akawa anamwagia gunia maji kutoka kwenye chupa yake, kidogo kidogo. Chupa ikaisha. Nikampelekea ndoo ya maji kutoka mapokezi. Nilipoinama akaninong'oneza, "Anavuta muda."

"Najua."

"Fanya kitu, madam."

Saa sita ilipita. Nikasimama katikati ya hotuba kuhusu ukuta mpya wa choo.

"Chairman, naomba ajenda ya mwisho ije sasa. Maziwa hayangoji."

"Madam, tunafuata utaratibu. Keti."

"Sitaketi."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Mpaka leo sijui ilitoka wapi. Watu wakaanza kugeuka. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwacheni huyo mama aseme!" na wengine wakaitikia, na Chairman akaona ni afadhali aachilie kuliko avutwe. Akaketi, mikono kifuani.

Nikafungua kifuniko cha Mama Cherono, nikanusa chini yake. Bado tamu, lakini ukingoni, harufu inayoanza kufikiria kubadilika. Nikachovya bunduki kwanza, nikawaonyesha safu ya mbele zile punje. "Mnaona? Kwa kipimo hiki nimewatoa watu." Kisha nikawasha stovu. Kiberiti cha kwanza kilizimika, cha pili pia. Maziwa yakakaa juu ya moto kama hayana nia ya kuchemka kabisa. Povu likapanda, nikainua sufuria, nikaanza kumimina ukingoni mwa bakuli jeupe, polepole, Mama Cherono amekishika kiwiko changu kutoka chini. Yakateremka. Laini. Hata punje moja haikuwepo.

Niliwapitishia bakuli safu kwa safu. Kisha nikasema, "Maziwa ya mama huyu ni mazuri. Yalikuwa mazuri mara zote tatu, naamini hivyo. Ng'ombe wake amekaribia kukauka na ana njaa kama wenu. Mimi ndiye niliyetoa stovu. Mimi ndiye niliyeleta sheria. Nilikosea, na nilikosea nikijiona mwenye haki." Chairman akasema kwa utani kwamba leo madam ametufundisha kupika. Wachache walicheka. Mikono ilipoinuliwa, Mama Cherono akabaki, na sheria ya mara tatu ikaanguka. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilitaka sana pawe mwisho. Ndipo yule mzee wa nyuma akauliza tena, bila ukali wowote:

"Na Wekesa je?"

Sherehe haikufanywa, na keki sikuiona. Sikulalamika. Wiki zilizofuata niliwazungukia wale saba, nyumba kwa nyumba, bila gari la sosaiti. Wanne wamerudi, mnapokea maziwa yao kila asubuhi na pengine hamjui walikuwa wameenda. Mmoja alinifungia mlango, na ni haki yake. Mmoja amehamia kwa watoto wake Kihoto. Mzee Wekesa nilimwacha wa mwisho, kwa sababu nilimwogopa zaidi ya Chairman.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba. Zizi lilikuwa limefagiwa safi, hamna kitu ndani. Mkebe wake ulikuwa kando ya mlango, umejazwa udongo, mkewe amepanda sukuma wiki.

"Binti ya Wafula. Karibu, keti."

Nikakaa. Nikamwambia yote, kuanzia stovu mpaka bakuli, sikuacha kitu. Niliyasema macho yangu yakiwa kwenye gambuti zake.

"Tulijua ni mazuri," akasema. "Hiyo nyekundu yako tuliinywa yote, mimi na mama. Mara zote tatu. Hatukumwaga."

"Baba, na ng'ombe?"

"Nikamue, maziwa yanywewe na nani, sisi wawili? Naivasha na Gilgil wote niliuza." Hayo ndiyo majina aliyokuwa amewapa. Akaitazama barabara. "Baba yako angefurahi umekuja."

Nililia hapo, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akaniacha nilie. Mkewe akatoka na sinia, vikombe vitatu, akaniwekea changu mbele yangu. Chai ilikuwa strungi, nyeusi.

"Utatusamehe, mama," akaniambia. "Hatuna maziwa."

Nikamwambia haina neno, nikanywa kikombe chote.